Namatjira au Moran: umfuate nani ukitaka kuchora nchi kame kwa rangi za maji

Kila anayeanza kuchora jangwa kwa rangi za maji hukosea pale pale: anadhani jangwa ni rahisi kwa kuwa halina vitu. Hakuna msitu wa kuhesabu majani, hakuna soko lenye watu mia. Anachanganya kahawia, anapaka chini. Anachanganya buluu, anapaka juu. Robo saa amemaliza, na alichokipata ni kiwanja cha mpira wakati wa kiangazi. Mimi nilianza hivyo hivyo, nikiwa Longido, kaskazini mwa Tanzania, na karatasi zile ninazo hadi leo, chini ya godoro, mahali zinapostahili.

Dawa ya kosa hilo ni ya kizamani. Tafuta mtu aliyekwisha kuiweza kazi, umnakili mpaka mkono wako uelewe alichokuwa akifanya. Kinachobaki ni kujua umnakili nani. Kwa nchi kame ninawaweka mezani wawili: Albert Namatjira wa Australia ya kati, na Thomas Moran, Mmarekani mzaliwa wa Uingereza aliyechora magharibi ya Marekani. Wote wawili ni mabingwa wa rangi za maji, lakini njia zao hazipatani kabisa, na anayewachanganya mapema huambulia matope.

Aliyekuwa kwao na aliyekuwa safarini

Namatjira alizaliwa mwaka 1902 Hermannsburg, misheni ya Walutheri ambayo wenyeji wanaiita Ntaria, safari ya kilomita zaidi ya 120 magharibi ya mji wa Alice Springs. Alikuwa wa watu wa Arrernte wa magharibi, wenyeji wa asili wa nchi ile. Kabla ya kushika brashi alifanya kazi nyingi, ikiwemo kuongoza ngamia, na hao ngamia ndio waliomfikisha kwenye uchoraji. Mwaka 1934 wachoraji wawili kutoka Victoria, Rex Battarbee na John Gardner, walionyesha picha zao pale misheni. Battarbee aliporudi mwaka 1936, Namatjira akakubali kumtembeza na ngamia nyikani kwa miezi miwili, na malipo aliyotaka ni kufundishwa rangi za maji. Miaka miwili baadaye alifanya maonyesho yake ya kwanza ya peke yake mjini Melbourne, na picha zote 41 zikanunuliwa ndani ya siku chache. Miezi miwili tu ya masomo! Lakini ukiitazama picha yake ya safu ya milima ya MacDonnell utagundua masomo hayakuanza 1936. Nchi alikuwa akiijua tangu anatambaa, na Battarbee alimwongezea brashi.

Moran ni kinyume chake. Alizaliwa Bolton, Uingereza, mwaka 1837, akapelekwa Marekani akiwa mtoto. Kiangazi cha 1871 alipanda reli ya Union Pacific kwenda kuungana na msafara wa utafiti wa Ferdinand Hayden uliokuwa ukielekea Yellowstone. Aliposhuka Green River, Wyoming, akakutana na majabali ya rangi ya mchanga na waridi yamesimama juu ya mto, akachora mchoro mdogo wa rangi za maji na kuuandikia kwamba ndio wa kwanza alioufanya huko Magharibi. Yale majabali hayakumtoka tena. Aliyachora kwa zaidi ya miaka 30, mara nyingi akiwa mbali sana nayo, katika studio yake ya mashariki.

Hapa ndipo pa kwanza pa kujiuliza. Je, mahali unapotaka kuchora utaweza kuparudia? Kama unakaa Dodoma na mibuyu iko nje ya mlango, au kwenu ni Kalacha, kaskazini mwa Kenya, na ukitoka tu unaliona jangwa la Chalbi lote jeupe mbele yako, Namatjira ndiye wako. Picha zake ni za mtu anayerudi kwenye mlima ule ule asubuhi, mchana na jioni, mwaka baada ya mwaka. Mlima wa Rwetyepme, ambao ramani nyingi zinauita Mount Sonder, aliuchora mara nyingi mno, na huoni popote kwamba amechoka.

Lakini kama utapata safari moja tu, siku tatu Ziwa Natron na gari la kukodi na dereva anayekutazama kwa jicho la "tuondoke jua linazama", mfuate Moran. Alikuwa fundi wa kubeba mahali mfukoni. Mchoro wake wa porini ni penseli nyepesi, rangi kidogo pale penye kitu kinachobadilika haraka, na maneno: ameandika juu ya karatasi yenyewe majina ya rangi, hapa nyekundu, hapa njano. Picha kamili aliitengeneza nyumbani. Ukimwiga Moran, jifunze kwanza hicho, kuandika juu ya mchoro bila aibu. Simu inapiga picha, ndiyo, lakini kamera ya simu huligeuza anga la nchi kame kuwa jeupe na kivuli kuwa cheusi, na vitu hivyo viwili ndivyo ulivyovifuata.

Hewa

Watu wengi wanapowalinganisha wachoraji hawa huanza na uzuri. Mimi naanza na unyevu wa hewa, maana rangi za maji ni maji, na hewa ndiyo inayoamua yatakaa kwenye karatasi muda gani.

Anga la Moran ni anga lililolowa. Aliwahi kwenda London mwaka 1862 kumsoma Turner, mchoraji Mwingereza, na ukitazama picha zake za Green River unaiona safari ile: juu ya majabali kuna mwanga unaoyeyuka, njano inaingia kwenye buluu bila mpaka, mawingu hayana kingo. Ili kuyapata hayo lazima ulowanishe karatasi yote, uweke rangi ikiwa bado inang'aa kwa maji, uziache zikutane zenyewe. Unahitaji dakika kumi za karatasi mbichi. Sasa jaribu hilo Longido saa sita mchana mwezi wa Septemba, upepo unavuma. Unapaka kona ya kushoto, ukifika kulia kushoto kumeshakauka na kumejichora mstari mgumu kama wa chai iliyomwagika mezani. Nimefanya hivyo zaidi ya mara moja, kwa karatasi ya bei mbaya.

Mbinu ya Namatjira imetoka kwenye hewa ya namna hiyo hasa. Alice Springs hupata mvua ya milimita 300 hivi kwa mwaka, wakati mwingine chini ya hapo. Yeye hagombani na ukavu. Anaweka tabaka jembamba, linakauka, anaweka jingine juu yake. Mteremko wa mlima ameujenga kwa mapigo madogo madogo ya brashi, kila pigo na ukingo wake, na kwa kuwa mwamba wa kwao umepasukapasuka kweli, ukingo mgumu ambao kwa Moran ungekuwa kosa, kwake ndio ufa wa jiwe. Karatasi ikikauka haraka, yeye ndiye anayefaidika.

Kwa hiyo ushauri wangu unaweza kuonekana wa kichekesho, ila nimeupima: ukichorea Dar es Salaam, Tanga au Mombasa, hasa wakati wa masika, anza na anga za Moran. Hewa ya pwani itakupa muda wote unaoutaka, na zaidi. Ukijaribu tabaka za Namatjira mwezi wa Aprili pale Dar, utakaa ukipepea karatasi kwa ungo kati ya tabaka na tabaka, na ukikosa subira tabaka la pili litaliamsha la kwanza, yote yawe uji. Ukichorea bara kukavu, kazi za nje fanya kwa njia ya Namatjira, na za Moran zisubiri ndani ya nyumba, asubuhi na mapema.

Kuna jambo jingine la hewa, nalo ni umbali. Tumefundishwa kwamba kitu cha mbali hufifia. Katika nchi yenye unyevu au vumbi ni kweli, na Moran anakaa upande huo: majabali yake ya nyuma yanazama kwenye mwanga. Lakini hewa kavu isiyo na vumbi haifichi. Mlima ulioko kilomita 30 unabaki na kingo zake zote, kinachobadilika ni rangi tu, unakuwa buluu au zambarau huku umechongeka vile vile. Namatjira alilijua hilo. Milima yake ya nyuma ni ya buluu iliyokolea na mistari yake ni mikali kama ya kisu. Wapo watu wa mijini walioziona rangi hizo wakadhani ametia chumvi, hadi walipofika wenyewe Australia ya kati. Nami nasema vivyo hivyo kwa Longido asubuhi baada ya mvua kuosha vumbi: mlima unasimama wa zambarau kweli, na ukiupaka hivyo shangazi yako atakuuliza umeutoa wapi.

Natron ni kinyume. Pale kuna vumbi la magadi, joto linatetemesha kila kitu, mlima Ol Doinyo Lengai siku nyingine ni kivuli tu kilichopaushwa. Hapo Moran anakufaa zaidi.

Weupe unatoka wapi

Hapa tofauti yao inagusa mfuko. Namatjira kwa kawaida weupe wake ni karatasi. Ule mti wake maarufu wa jamii ya mkaratusi, wenye gome jeupe pepe, hakuupaka rangi nyeupe. Aliuacha. Alipaka anga, mlima na majani kuuzunguka, shina likabaki, kisha akalipa kivuli chepesi cha buluu au waridi upande mmoja. Hii inataka uamuzi kabla hujagusa maji. Ukishapita na brashi mahali pa shina, basi tena.

Moran alitumia rangi za maji zinazoonyesha karatasi, lakini mara nyingi aliongeza gwashi, ile rangi ya maji nzito inayofunika, na wakati mwingine alichora kwenye karatasi yenye rangi yake tayari. Mwanga aliuongeza mwishoni, juu ya kila kitu.

Kwa anayeanza, Moran ni mwenye huruma zaidi. Ukisahau kuacha weupe, kichupa kimoja cha gwashi nyeupe kitakuokoa. Ila huruma hiyo ina gharama yake: wanafunzi wengi wakishaonja gwashi hawarudi tena kujifunza kuacha, na picha zao zinapata weupe wa chaki, wa ukuta uliopakwa chokaa. Jua la nchi kame haliko hivyo. Ndiyo maana, ijapokuwa nimesema Moran ni mwenye huruma, ukiniuliza uanze na nani kwa somo hili la weupe peke yake nitakwambia Namatjira, na ukubali kuharibu karatasi kumi.

Karatasi yenyewe iwe ya gramu 300 kwa mita ya mraba, si ya daftari la shule. Nyembamba hujikunja ikilowa, na kwa anga la Moran itageuka bati la nyumba. Kwa Namatjira unaweza kujikongoja na nyepesi kidogo, kwa sababu humwagi maji mengi. Rangi sita au saba zinatosha kwa wote wawili: njano ya udongo, kahawia nyekundu iliyoungua, nyekundu ya waridi, buluu mbili, na moja ya kahawia nzito. Kijani changanya mwenyewe. Kijani cha kwenye boksi hakijawahi kuota jangwani. Na kwa Namatjira usiogope wekundu: ile ardhi ni nyekundu kwa sababu ya kutu, madini ya chuma yaliyokutana na hewa kwa miaka isiyohesabika, sawa na udongo wetu wa barabara za Singida.

Ukweli wa picha

Green River ambayo Moran aliishukia mwaka 1871 ilikuwa na reli, maana yeye mwenyewe alifika kwa treni, na mji wa watu wenye nyumba na biashara. Kwenye picha zake hakuna hata kimoja. Aliondoa mji mzima, akaweka badala yake wapanda farasi wa Kihindi Wekundu wakipita chini ya majabali, kana kwamba reli haijafika. Hakuficha msimamo wake: alisema hathamini kunakili maumbile neno kwa neno, na kwamba yeye hupendelea kuyatukuza.

Namatjira alibaki karibu na alichokiona, ingawa naye alipanga. Mti mkubwa mbele, kando, mara nyingi umekatwa na ukingo wa juu wa karatasi, bonde lenye nyasi katikati, mlima nyuma, anga jembamba. Wahakiki wa mijini kwa muda mrefu walimwona mwiga wa Wazungu, mtu aliyejifunza kuchora vizuri basi. Baadaye wengi walikuja kukubali kwamba miti ile na milima ile haikuchaguliwa kwa urembo, bali ilikuwa nchi ya ukoo wake, yenye majina na habari zake. Na mtu huyu aliyeichora nchi hiyo karibu mara 2,000 aliomba kukodi ardhi ya malisho akakataliwa, akataka kujenga nyumba Alice Springs akakataliwa. Uraia kamili alipewa 1957. Mwaka 1958 alihukumiwa kwa kumpatia ndugu yake pombe, jambo ambalo sheria ililikataza kwa wenyeji wa asili, na mwaka 1959 akafa.

Mimi binafsi siwezi kuacha kuona hayo ninapotazama picha za wawili hawa. Sikwambii umchague Namatjira kwa kumwonea huruma, hahitaji. Nasema tu kwamba ukiwa unachora boma la Wamaasai, au kisima cha Wagabra, wafugaji wa kaskazini mwa Kenya, jiulize kama unaondoa nguzo za umeme na pikipiki ili picha ipendeze wageni. Moran atakufundisha kuziondoa kwa ustadi mkubwa sana.

Ukitaka kuuza unachonakili

Moran alifariki 1926. Kazi zake ziko huru, na National Gallery of Art ya Washington inakuruhusu kupakua picha zake kwa ukubwa mzuri bila kulipa, ikiwemo ya majabali ya Green River ya mwaka 1881. Hiyo ni ya rangi za mafuta, lakini kwa kusoma mpangilio wa mwanga inafaa. Uinakili, uichape kwenye kikombe, uiuze Kariakoo, hakuna wa kukuuliza.

Kwa Namatjira, simama. Sheria ya Australia inalinda kazi miaka 70 baada ya kifo, kwa hiyo zake zinalindwa hadi mwisho wa 2029. Na hakimiliki yake ina kidonda. Mwaka 1983 ofisi ya serikali iliyokuwa ikisimamia mali yake iliiuza kwa kampuni moja kwa dola 8,500 za Australia, familia ikabaki bila kitu. Ilirudi mwaka 2017, kwa dola moja, kwenye mfuko unaobeba jina lake na kuwanufaisha watu wake. Nakili kwa mazoezi nyumbani, weka kwenye droo. Usiuze. Ukitaka kitu cha kutundika ukutani, wajukuu na jamaa zake bado wanachora kwa rangi za maji, na kituo chao cha Iltja Ntjarra kipo Alice Springs.

Utatafuta wapi picha za kunakili, hilo nalo lina mtego. Namatjira alichapwa sana kwenye kadi na kalenda, na nyingi rangi zake zimekolezwa mno au zimepauka. Rangi za maji zenyewe hufa kwa mwanga, ndiyo maana majumba ya makumbusho huziweka kwenye taa hafifu. Chukua picha iliyowekwa mtandaoni na makumbusho, si ile ya mnada wala ya kadi ya zamani. Kwa Moran nako angalia: baadhi ya zinazoitwa rangi zake za maji ni chapa za mawe za Louis Prang wa Boston, za mwaka 1876. Nzuri mno, lakini ni mkono wa mchapaji.

Mtego huo ni mkubwa zaidi kwa mchoraji wa tatu, ambaye nimemwacha nje makusudi, David Roberts wa Uskoti. Alisafiri Misri, Nubia na Petra mwaka 1838 na 1839, na kwa sisi wa upande huu mada yake inavutia, Mto Nile, mchanga, ngamia. Lakini karibu kila unachokiona kwa jina lake ni chapa za Louis Haghe, zilizotiwa rangi baadaye. Roberts mwenyewe aliwahi kuwa mchoraji wa mapazia ya jukwaa la tamthilia, na bado unaliona jukwaa: watu wadogo sana, nguzo kubwa sana. Msome kwa majengo. Kwa ardhi tupu hana mengi ya kukupa.

Basi, kama una kitabu kimoja tu cha karatasi nzuri chenye kurasa 20, na uko bara, tumia 15 kwa Namatjira na tano kwa anga za Moran. Uko pwani, pindua hesabu, na ungo wa kupepea uweke karibu. Ukurasa wa kwanza usichore mlima. Chora shina moja jeupe, kwa kutolipaka.